Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: Vyombo vya kukojolea visivyotumia maji vitunzwe kwanza stendi, ndipo vipelekwe sokoni na shuleni

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya mji wetu.

Nakala: Waheshimiwa Madiwani wote, Mganga Mkuu wa Halmashauri, Mhandisi wa Halmashauri, wafanyabiashara na wasafiri wa stendi kuu ya mabasi.

YAH: HALI YA VYOMBO VYA KUKOJOLEA VISIVYOTUMIA MAJI KATIKA VYOO VYA STENDI KUU, NA MPANGO WA KUVIFUNGA KATIKA SOKO JIPYA NA SHULE ZA SEKONDARI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninakuandikia kwa heshima kamili ya ofisi yako, nikiwa mkazi wa mji huu na afisa afya wa mazingira mstaafu ambaye sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa kukagua vyoo vya masoko, migahawa, nyumba za kulala wageni na shule. Jambo hili nimekwisha kulipeleka kwa njia za kawaida: kwa msimamizi wa stendi, kwa ofisi ya kata, na hatimaye kwa barua iliyopokelewa masijala ya halmashauri na kugongwa muhuri. Sikupata jibu la maandishi. Niliambiwa kwa mdomo kwamba suala linafanyiwa kazi, na tangu hapo hali ya vyoo imezidi kuwa mbaya. Sasa tumetangaziwa katika mkutano wa hadhara wa kata kwamba vyombo vya aina ileile vitafungwa katika soko jipya na katika shule za sekondari za mjini. Uamuzi huo ukitekelezwa kabla ya kurekebisha kilichoharibika stendi, tatizo la jengo moja litakuwa tatizo la mji mzima, tena kwa fedha za umma, na ndiyo maana nimeamua kuandika hadharani.

Naomba nieleweke tangu mwanzo kwamba siandiki kutaka vyombo hivi ving'olewe vyote. Ni teknolojia yenye manufaa ya kweli kwa mji kama wetu. Ninachosema ni kwamba huokoa maji kwa sharti la kutunzwa kwa ratiba isiyokatika, na halmashauri imepokea faida ikaliacha sharti.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajapata kuelezwa, nitaje kwa ufupi namna vinavyofanya kazi. Choo cha kawaida huzuia harufu kwa maji yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya bakuli. Chombo kisichotumia maji huzuia harufu kwa njia nyingine. Aina iliyofungwa stendi ina katriji ya plastiki, yaani kikasha kinachochomolewa na kubadilishwa, yenye umajimaji wa mafuta mepesi ndani yake. Mkojo, kwa kuwa ni mzito kuliko mafuta hayo, huzama na kupita kuelekea kwenye bomba, na mafuta hubaki yakielea juu kama yanavyoelea juu ya mchuzi, yakiifungia harufu chini. Aina nyingine haina mafuta. Ina ulimi wa mpira wa silikoni ambao hufunguka mkojo unapopita na kujifunga unapokwisha. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani Wilhelm Beetz wa mji wa Vienna alijenga vyoo vya umma vya kutumia mafuta mwishoni mwa karne ya 19, na katika miaka ya 1990 kampuni za Marekani zikalifufua na kulisambaza.

Faida yake kubwa ni maji. Sheria ya nishati ya Marekani ya mwaka 1992 iliweka kikomo cha galoni moja, yaani takriban lita 3.8, kwa kila mtu anapovuta maji katika chombo cha kukojolea, na vyombo vilivyokuwapo kabla ya hapo vilikuwa vikitumia zaidi. Tuseme chombo kimoja kinatumiwa na wanaume 200 kwa siku, idadi ambayo kwa stendi ya mabasi si kubwa, na kila mmoja anavuta lita 4: hizo ni lita 800 kwa siku, sawa na ndoo 40 za lita 20, zinazotoka bombani zikiwa safi na kuingia shimoni. Mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji, kila mwenye kusimamia choo cha umma nchini alipaswa kujiuliza kama mji wake una ndoo hizo za kumwaga. Kwetu ambako maji hutoka kwa zamu na stendi hununua ya boza wakati wa kiangazi, jibu linajulikana.

Zipo faida nyingine ambazo wahandisi wenu walizitaja wakati wa uzinduzi, nami nakubaliana nazo. Hakuna kitasa cha kushikwa na kila mtu. Hakuna koki ya kuharibika na kuachia maji usiku kucha, wala ya kung'olewa na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, jambo ambalo stendi ya zamani ililijua vizuri. Shimo la majitaka nalo hujaa polepole zaidi, kwa hiyo gari la kunyonya huitwa mara chache. Haya yote ni kweli, na yangeendelea kuwa kweli kama yafuatayo yasingetokea.

1. Katriji hazibadilishwi kwa wakati wake.

Watengenezaji wakubwa wa katriji hizi hutaja maisha ya takriban matumizi 7,000 kwa kila moja. Kwa chombo kinachotumiwa na watu 200 kwa siku, matumizi 7,000 hukamilika ndani ya siku 35. Ina maana kwamba katika stendi yetu kila chombo kilihitaji katriji mpya takriban kila mwezi, na kati ya badiliko moja na jingine kuongezewa mafuta ambayo hupungua kidogo kidogo kadiri kinavyotumika. Katika ofisi tulivu yenye wafanyakazi wachache katriji hiyohiyo ingeweza kukaa miezi mingi, na nadhani makadirio ya halmashauri yalichukuliwa kutoka katika mazingira ya namna hiyo. Mafundi na wahudumu wote niliozungumza nao wanasema kwamba zilizokuja na vyombo zilipokwisha, hazikuletwa nyingine.

Mhudumu mmoja alinitolea katriji kutoka kwenye chombo cha pili kutoka mlangoni ili nione kwa macho yangu. Matundu ya juu yalikuwa yamezibwa na ukoko wa rangi ya njano inayoelekea kahawia, mgumu kiasi kwamba ncha ya bisibisi ilikwaruza bila kuuvunja. Ndani hamkuwa na dalili ya mafuta. Kulikuwa na mkojo wa siku nyingi, nywele, kipande cha tambuu na vishungi vya sigara. Chombo kilichofikia hali hiyo hakizuii harufu hata kidogo, na hata kupitisha mkojo hakipitishi vizuri, ndiyo maana sakafu chini yake imelowa saa zote.

2. Wahudumu wa usafi hawakufundishwa, na wanafanya kazi katika hatari.

Mtu aliyezoea kusafisha choo cha kawaida hufanya jambo linaloonekana la busara: humwaga ndoo ya maji, akasugua, akamwaga nyingine. Kwa chombo chenye katriji ya mafuta, ndoo ya maji inayomwagwa kwa nguvu husukuma mafuta yote nje ya katriji, na kuanzia dakika hiyo harufu ya bomba inapanda moja kwa moja. Kinachotakiwa ni kunyunyizia dawa iliyopendekezwa, kufuta bakuli kwa kitambaa, na kuacha katriji isiguswe hadi siku yake. Ni kazi rahisi kuliko ile ya zamani, lakini haiwezi kukisiwa, na wahudumu wa stendi hawakuwahi kuelekezwa.

Lililonitisha zaidi ni dawa inayotumika. Harufu ilipozidi, wahudumu walianza kumwaga klorini ya maji ndani ya vyombo, wakiamini kwamba itaua harufu. Mkojo uliolala una amonia, na klorini ikikutana na amonia hutoa gesi inayounguza macho, koo na mapafu. Nimemkuta mama anayefanya kazi zamu ya alfajiri akiwa amejifunga mtandio puani, macho mekundu, akikohoa katika chumba chenye dirisha moja dogo. Hana barakoa, hana buti, na glavu alizo nazo alijinunulia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumlinda mfanyakazi dhidi ya hatari kama hii, na kwamba wahudumu hawa wameajiriwa na mzabuni hakuiondolei halmashauri wajibu wa kusimamia mkataba wake.

3. Mfumo wa mabomba ulijengwa bila kuzingatia tabia ya mkojo usio na maji.

Hapa naomba uvumilivu wako, Ndugu Mkurugenzi, kwa sababu hapa ndipo penye mzizi, na hata katriji mpya zikiletwa kesho tatizo hili litabaki.

Mkojo unapotoka mwilini hauna harufu kali. Ndani yake mna urea, ambayo bakteria waliomo kwenye mabomba huivunja na kuigeuza kuwa amonia na kaboni dioksaidi. Amonia ikishatengenezwa, mkojo hubadilika kutoka hali inayokaribia uasidi na kuwa na hali ya ubesi, yaani kinyume cha uasidi, na katika hali hiyo madini yaliyomo, yaani kalisi, magnesi na fosfati, huacha kuyeyuka na kuganda kwenye kuta za bomba. Katika choo cha kuvuta maji, maji mengi huyabeba madini hayo kabla hayajaganda. Bila maji, bomba huota magamba safu juu ya safu. Pale ambapo wahudumu humwaga maji kidogo ya kisima, ambayo kwetu ni magumu na yana kalisi nyingi, magamba huongezeka badala ya kupungua, kwa sababu kalisi ya maji hukutana na fosfati ya mkojo palepale.

Fundi bomba aliyeitwa kuzibua njia ya nyuma ya jengo alikata kipande cha bomba karibu na chemba, nami nilikuwepo. Bomba lenye upana wa kupitisha ngumi lilikuwa limebakiwa na tundu ambalo kidole gumba hakikuingia. Magamba yalikuwa meupe kwa ndani na kahawia kwa juu, na yalikatika kama vigae alipoyagonga kwa nyundo. Aliniambia pia kwamba mteremko wa bomba hilo ni mdogo, na sehemu moja limelegea na kufanya tumbo ambamo mkojo hutuama.

Nchi zilizotangulia kutumia vyombo hivi zilijifunza kanuni kadhaa kwa gharama. Mabomba yawe ya plastiki, kwa kuwa mkojo usiochanganywa na maji hula shaba na chuma. Mteremko uwe wa kutosha na kona ziwe chache. Kisha, na hili ndilo lililosahaulika kabisa kwetu, pawe na chombo chenye kutumia maji, kwa mfano sinki la kunawia mikono, kilichounganishwa juu ya njia ileile ya bomba, ili maji yaliyokwisha kutumika kunawa yapite yakiisuuza njia ya mkojo siku nzima bila kuongeza hata lita moja ya maji safi. Stendi yetu ina sinki za kunawia zilizopangwa ukuta wa pili, na maji yake yanakwenda kwenye shimo lake la kunyonyea nyuma ya kibanda cha mlinzi. Maji yaliyopaswa kuokoa bomba yanapotelea mchangani hatua chache kutoka bomba lilipoziba.

Atakayedhani kwamba haya yanatokea Afrika tu aangalie yaliyoipata mamlaka ya mazingira ya jimbo la California nchini Marekani. Ofisi hiyo, yenye kazi ya kuhimiza uhifadhi, ilifunga vyombo hivi katika makao yake makuu mjini Sacramento mwaka 2003, na mwaka 2010 ikaviondoa baada ya malalamiko mengi ya harufu na sakafu kulowa. Lawama iliangukia mabomba ya jengo, ambayo hayakuendana na vyombo hivyo. Mjini Philadelphia, mwaka 2006, jengo refu la Comcast Center lilipangiwa vyombo 116 vya aina hii. Chama cha mafundi bomba kikapinga, na mwafaka uliofikiwa ulikuwa kwamba vyombo vifungwe lakini mabomba ya maji yapitishwe ukutani nyuma yake, ili siku vikishindikana, vibadilishwe bila kubomoa. Mafundi wale walikuwa wakitetea ajira yao, hilo linajulikana, lakini tahadhari waliyoiacha ukutani ni ya busara na ingetufaa sana leo.

4. Maji yaliyookolewa hayajaonekana.

Tuliahidiwa kwamba maji yatakayobaki yatahudumia unawaji wa mikono. Sinki za stendi hazitoi maji siku nyingi za juma, na sabuni hakuna. Mji huu unakumbuka kipindupindu kilichoanza nchini mwezi Agosti 2015 na kuendelea mwaka uliofuata. Tunajua kwamba choo cha stendi ambacho msafiri anatoka bila kunawa, kisha akanunua chungwa lililomenywa na kupanda basi, ni mlango wa ugonjwa kwa mikoa mingi kwa siku moja. Kuokoa maji kwenye bakuli la mkojo halafu kukosa maji ya mikono ni kuhesabu akiba kwenye vitabu huku afya ya watu ikipata hasara.

5. Desturi ya wanaotumia vyoo haikufikiriwa.

Idadi kubwa ya wanaume wa mji huu ni Waislamu, na kwao kujisafisha kwa maji baada ya haja ndogo ni sehemu ya twahara. Bila hivyo sala ya adhuhuri itakayomkuta safarini ina mashaka. Anayeingia na kopo lake hujisafisha palepale, maji yakaingia katika katriji, mafuta yakatoka. Asiyetaka kufanya hivyo huenda kwenye vyumba vya haja kubwa, na foleni ndefu ya asubuhi inayolalamikiwa na makondakta inatokana kwa kiasi na hilo. Vyombo vyenye ulimi wa silikoni huvumilia maji vizuri zaidi kuliko vya mafuta. Mtu yeyote mwenyeji, kama angeulizwa kabla ya zabuni, angelisema jambo hili, na nasikitika kwamba hatukuulizwa.

6. Mapato ya choo hayarudi chooni.

Msafiri hulipa shilingi 300 kwa haja ndogo. Hatujapata kuoneshwa ni kiasi gani cha fedha hizo kinatengwa kwa ajili ya katriji, mafuta, dawa na matengenezo.

Ndugu Mkurugenzi, baadhi ya majibu yanayoweza kutolewa nimekwisha kuyasikia, na naomba niyajadili kwa uungwana kabla hayajatolewa tena.

Inasemwa kwamba wananchi hawajui kutumia vyoo. Ni kweli kwamba wapo wanaotupa sigara na tambuu, na wanastahili kuelimishwa na hata kutozwa faini. Lakini mwananchi hawezi kubadilisha katriji, hakuchagua mteremko wa bomba, na hakuamua maji ya sinki yaende wapi. Chombo cha umma huchaguliwa kwa kuwatazama watu watakaokitumia walivyo. Kama kinadai mtumiaji ambaye stendi haina, kosa ni la aliyekichagua.

Inasemwa kwamba mzabuni alikwisha kukabidhi kazi na kipindi cha matazamio kimepita. Kama ndivyo, basi mkaguzi aliyeipokea kazi aeleze aliukubalije mteremko ule. Na hata ikiwa mzabuni hawezi tena kudaiwa, uendeshaji wa kila siku haujawahi kuwa kazi yake.

Inasemwa kwamba katriji ni za kuagiza kutoka nje na ni ghali. Hilo ni kweli, na ni upungufu halisi wa teknolojia hii ambao wauzaji hawapendi kuutaja: katriji nyingi hutengenezwa na mtengenezaji wa chombo chenyewe tu na hazifai katika chombo cha mwingine, kwa hiyo anayenunua chombo cha bei nafuu hujifunga kwa muuzaji huyo miaka yote. Ndiyo sababu zabuni ilipaswa kulinganisha bei ya chombo pamoja na katriji zake za miaka kumi, na kuzipima dhidi ya gharama za maji zitakazookolewa, ndipo ionekane kama faida ipo. Nina imani kwamba kwa stendi inayonunua maji ya boza faida ingeonekana. Kwa jengo lenye maji ya uhakika na watumiaji wengi, huenda isingeonekana.

Lipo jibu la mwisho, ambalo naliogopa kuliko yote, nalo ni kusema: basi, ving'olewe vyote virudishwe vya maji. Hatua hiyo ingependeza watu kwa mwezi mmoja. Mabomba ya maji hayapo ukutani, tangi halitoshi, na magamba yaliyomo kwenye njia hayataondoka kwa kubadilisha mabakuli. Tungetoka kwenye choo kinachonuka kwa kukosa katriji tukaingia kwenye choo kinachonuka kwa kukosa maji.

Kwa hiyo, naomba yafuatayo kwa ofisi yako:

(a) Mpango wa kufunga vyombo hivi katika soko jipya na shuleni usimamishwe hadi vya stendi viwe vimefanya kazi vizuri kwa mwaka mzima chini ya ratiba ya matunzo inayoonekana.

(b) Njia ya mkojo ya stendi isafishwe kwa mashine au ibadilishwe pale ilipoharibika, iwe ya plastiki tupu, mteremko urekebishwe, na sinki za kunawia ziunganishwe juu yake ili maji ya kunawa yaisuuze. Hii ndiyo kazi ya kwanza. Wakati ukuta ukiwa wazi, bomba la maji lipitishwe kwa ajili ya vyombo ninavyovitaja katika (e), na kwingine lifungwe kwa kizibo, kwa ajili ya siku za baadaye.

(c) Katriji zinunuliwe za kutosha mwaka mzima kwa hesabu ya watumiaji halisi wa stendi, na tarehe ya kila badiliko iandikwe katika jedwali lililobandikwa mlangoni, ambapo kila mlipaji wa shilingi 300 ataliona.

(d) Wahudumu wafundishwe, wapewe vifaa kinga, na klorini ipigwe marufuku ndani ya vyombo hivi mara moja, bila kusubiri kikao chochote. Marufuku hiyo haihitaji bajeti.

(e) Nusu ya vyombo ibadilishwe iwe ya aina inayotumia takriban nusu lita kwa kila anayevuta. Vipo vyombo vilivyoundwa kwa kiasi hicho, na kwa watu 200 kwa siku vinahitaji takriban lita 100 badala ya 800. Pembeni yake pawekwe bomba dogo la kujisafishia. Kwa wanaotaka twahara, kwa bomba linalohitaji kusuuzwa, na kwa mhudumu aliyezoea maji, naona hii ndiyo njia ya katikati, nami nisingesita kuishauri pia kwa soko jipya.

(f) Hesabu ya mapato na matumizi ya vyoo vya stendi itangazwe kila robo mwaka kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, pamoja na mkataba wa ununuzi wa vyombo.

Kuhusu shule, niongeze neno moja. Nimesikia hoja kwamba mkojo wa wanafunzi utakusanywa uwe mbolea ya mashamba ya shule. Kisayansi hoja hiyo ina msingi: sehemu kubwa ya naitrojeni inayotoka mwilini mwa binadamu hutoka kwa njia ya mkojo, na katika eneo la eThekwini, Durban, watafiti wakishirikiana na taasisi ya Uswisi ya Eawag walionesha kwamba mkojo uliotenganishwa unaweza kutengenezwa kuwa mbolea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka mkojo uhifadhiwe kwenye tangi lililofungwa kwa muda kabla ya kutumika, na muda huo hutegemea zao. Lakini shule isiyo na fungu la kununua chaki haitanunua katriji, na mwalimu wa zamu hawezi kuwa msimamizi wa matangi ya mkojo juu ya kazi zake nyingine. Tuanze na shule moja yenye mwalimu wa kilimo anayelitaka jambo hili kwa hiari yake, chombo kiwe cha ulimi wa silikoni unaoweza kuoshwa na kurudishwa, na matokeo yaletwe mbele ya baraza la madiwani kabla ya shule ya pili.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likieleza ni yapi kati ya maombi haya yamekubaliwa, yapi yamekataliwa na kwa sababu gani. Naomba pia Mhandisi na Mganga Mkuu watembelee vyoo vya stendi alfajiri, kabla ya usafi wa kwanza, kwa kuwa wageni rasmi huletwa saa nne sakafu ikiwa imekwisha kudekiwa. Kipande cha bomba kilichokatwa kimehifadhiwa na fundi na kinaweza kuletwa mezani kwako siku yoyote utakayopanga. Mimi mwenyewe nipo tayari kufuatana na maofisa wako, bila posho, kuwaonesha chemba na njia yote hadi shimoni, na kusaidia kuandaa mafunzo ya wahudumu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa afya wa mazingira mstaafu,
mkazi wa kata ya stendi kuu.